Mbeleko Moja, Migongo Miwili

Kalemie, tarehe 7 Aprili 2024

Papa yangu mpendwa,

Salamu kutoka kwetu sote. Bertin ni mzima. Ziwa halimpi samaki wengi lakini linamrudisha nyumbani, na hilo linanitosha. Glody ameota jino lingine na sasa anang'ata kila kitu, hata kidevu cha baba yake. Maji ya ziwa yamepanda mpaka mtaa wa chini. Sisi tulihama kabla hayajafika, tuko juu kidogo, katika nyumba ya chumba na sebule. Kuta zina unyevu na nguo hazikauki.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu nyumba ni ndogo, nawe kwenye simu unapaza sauti kama unaita mtumbwi. Neno lenyewe ni la Mama Pétronille, mama mkwe wangu. Unajua alitoka kwao Baraka kuja kunilelea mtoto nilipoanza tena kuuza samaki wa ndagala sokoni. Tangu majuma machache ana mabaka mgongoni, yamepauka kuliko ngozi yake. Sasa Glody naye ameanza kuwa nayo tumboni. Muganga mmoja wa kituo cha afya cha karibu alimtazama Mama kutoka mlangoni, hakumgusa, akasema, "Huenda ni ule ugonjwa mkubwa." Neno ukoma hakulitamka, lakini sote tulilisikia.

Nimefanya nilivyoweza. Nimemtengea Mama sahani yake, kikombe chake na mkeka wake. Anakula peke yake karibu na mlango. Bertin hula akitazama chini. Kaka yake mkubwa, Emile, amepata habari huko Baraka, na anakuja mapema mwezi wa tano kumchukua Mama ampeleke akae shambani, mbali na watu.

Usinihukumu, Papa. Ningekuwa peke yangu ningemwacha akae. Lakini kuna mtoto. Wewe ulitibu ukoma miaka yote ya kazi yako. Niambie: Glody ataupata? Mama aende au abaki?

Mtoto wako,
Joëlle

*

Kirungu, tarehe 13 Aprili 2024

Joëlle mwanangu,

Barua yako ilipanda mlima hadi hapa mfukoni mwa dereva wa pikipiki, ikinuka ndagala, nikaona njaa kabla sijaona habari. Sikuhukumu. Mama anayeogopa kwa ajili ya mtoto wake anafanya kazi yake. Sasa acha nami nifanye yangu, ambayo ni kueleza. Marehemu mama yako alisema mimi huulizwa saa nikaeleza jinsi saa inavyotengenezwa. Vumilia.

Ukoma ni ugonjwa mvivu. Ukiingia mwilini leo, unaweza kulala miaka kabla haujaonyesha alama. Ugonjwa mvivu namna hiyo hautoki mgongoni mwa bibi na kufika tumboni mwa mjukuu katika majuma machache. Kwa hiyo, hata kabla sijaona kitu, mwendo huu unaniambia kwamba tunatafuta kitu kingine, chenye haraka zaidi. Tena tuseme ni ukoma kweli: dawa yake ipo, inatolewa bure, na mtu akishaanza kuimeza hamwambukizi mtu tena. Haupiti katika sahani wala kikombe. Hakuna ugonjwa hata mmoja, mwanangu, unaotibiwa kwa kumlisha mtu mlangoni.

Baka la ukoma kwa kawaida haliwashi, na mara nyingi limekufa ganzi. Fanya hivi. Chukua kipande cha pamba, kisokote ncha. Mama afumbe macho. Mguse polepole, mara ndani ya baka, mara nje, bila kumtajia, naye aonyeshe kwa kidole ulipogusa. Akionyesha kila mara, niandikie. Asipoonyesha, niandikie upesi zaidi.

Kisha nijibu. Je, yanawasha, hasa akitoka jasho? Ukingo wa baka umeinuka, unapukutika kama unga? Nani alianza? Kuna mwingine nyumbani mwenye alama, hata ndogo? Na mmepaka nini? Swali hili la mwisho watu hulijibu vibaya kuliko yote, kwa hiyo lijibu vizuri.

Busu kwa Glody. Mwambie kidevu changu kina ndevu, akijaribu kuking'ata atajuta.

Papa yako,
Zacharie

*

Kalemie, tarehe 20 Aprili 2024

Papa,

Tulifanya habari ya pamba. Mama alifumba macho, akakaa kama anayepigwa picha. Nilimgusa juu, chini, ndani ya baka na nje. Kila mara kidole chake kilifika palepale, na mdomo wake ulifika kabla ya kidole.

"Unanipima ama unanitekenya?"

"Mama, nyamaza, ni dawa ya Papa."

"Papa yako alisomea pamba? Miaka yote ile?"

Hata Bertin alicheka, na hajacheka tangu Pasaka.

Basi anahisi. Na ndiyo, yanawasha, hasa mchana akiwa na mtoto mgongoni. Lakini ukingo hauonekani vizuri. Papa, choa nakijua, nilikuwa nacho nikiwa shuleni, wewe mwenyewe ulinipaka dawa. Choa ni duara. Haya ya Mama si duara. Yameenea kama ramani, huku yamepauka, huku yana wekundu kidogo, hayana mwanzo wala mwisho. Ndiyo maana bado naogopa.

Aliyeanza ni Mama, kisha Glody. Mimi na Bertin ni wazima. Hatupaki kitu, ni vazilini tu.

Sahani nimeiacha palepale kwanza. Nilijaribu kumwita Mama mezani, akasema amezoea upepo wa mlangoni. Sijui kama alisema kweli au alikuwa ananiadhibu. Emile anakuja Jumamosi, tarehe nne. Akija kabla ya jibu lako, sitakuwa na neno la kumzuia.

Joëlle

*

Kalemie, tarehe 21 Aprili 2024

Mukwe wangu Papa Zacharie,

Miye njo Mama Pétronille, mama ya Bertin. Usishangae kuona mwandiko wangu. Masista walinifundisha kuandika, sema mukono umesahau kidogo. Joëlle hajui kama naandika. Barua hii nampa nahodha mwenyewe.

Nasikia unauliza maswali mingi juu ya mugongo wangu. Asante. Tangu mume wangu afe hakuna mwanaume aliuliza mugongo wangu.

Naomba usimukasirikie mutoto wako. Ni mutoto muzuri. Pale nilianza kuwashwa, alinifinyia pomade yake mwenyewe, ile ya tyubu, ya kung'arisha ngozi. Alinipaka kwa mukono wake. Ikaisha, akanunua ingine, akamupaka na Glody kidogo. Kuwashwa kukatulia, tukashukuru Mungu. Kisha mabaka yakapanuka. Njo pale walianza kuogopa. Sahani haina neno. Bugali ni ileile.

Ninaomba kitu kimoja tu. Kama ni ule ugonjwa mukubwa, andika wazi kama ni wa Mama Pétronille, umeanzia kwangu. Andika vile, Emile asome. Miye nimezeeka, na kwetu Baraka kuna hewa nzuri. Usitafute zaidi ya pale.

Kinachoniuma ni Glody. Anajua mugongo wangu. Nikimufunga tu, analala kabla sijafika kwa jirani. Nikienda, atalala kwa nani wakati mama yake iko sokoni?

Mungu akulinde,
Mama Pétronille

*

Kirungu, tarehe 27 Aprili 2024

Joëlle, mwanangu,

Soma barua hii ukiwa umekaa. Si kwa sababu ni mbaya, ni kwa sababu ni ndefu.

Furaha kwanza. Mama anahisi pamba kila mahali, na anawashwa. Kwa kadiri mzee anavyoweza kuona akiwa mlimani, na nyinyi mko ziwani, huo si ukoma. Nadhani ni choa.

Utasema: mbona si duara? Mtu mmoja ambaye simtaji ameniambia kuna tyubu nyumbani. Usimtafute aliyesema, nyumba yenu ina watu wazima watatu, na mmoja wao ni wewe. Nilijua hukuandika kwa sababu unajua ninavyozichukia tyubu hizo za kung'arisha ngozi. Basi leo sizigombezi. Ninazieleza.

Choa ni kuvu, ndugu wa ule ukungu unaoota kwenye muhogo uliokosa jua. Inakula ngozi ya juu, ile iliyokwisha kufa, na inatembea kwenda nje, ndiyo maana katikati hupona na ukingo huwaka. Lile duara tunaloliona si kuvu yenyewe. Ni ngozi inayopiga kelele: inawasha, inavimba, inapukutika. Dawa iliyofichwa ndani ya tyubu kazi yake ni kuinyamazisha ngozi, na mvamizi haimgusi. Ni kama kumfunga mbwa mdomo kwa sababu anabweka, na mwizi yumo ndani anachagua sufuria. Kelele zinaisha, duara linafutika, kuvu inaenea kimya. Baadaye hata muganga aliyesoma anaona ramani, na akisimama mlangoni anaona ukoma.

Sasa tutazame mahali. Mgongo wa bibi, tumbo la mjukuu. Viwili hivyo hukutana wapi? Si kwenye sahani. Hukutana ndani ya mbeleko, mchana kutwa, kwa joto na jasho, katika nguo ambayo umeniambia mwenyewe haikauki. Kuvu haiombi zaidi ya hapo. Ulitenga kikombe na mkeka, ukaiacha mbeleko ipite kutoka mgongo hadi mgongo. Wengi wangekosea vilevile. Tunaogopa mdomo wa mgonjwa, tunasahau nguo yake.

Ninaandika sentensi inayofuata polepole. Tumbo la Glody linajua migongo miwili, na wako liliujua kwanza. Tyubu ilikuwa yako kabla Mama hajawashwa. Uliinunua kwa ajili ya nini? Kama ilikuwa kwa ajili ya uso, sema ndivyo, nami nitafunga mdomo. Kama kuna mahali palikuwa panakuwasha, pale mkono unapofika na jicho halifiki, azima kioo cha jirani, ukiongeze kwenye chako, utazame.

Ukikuta kitu, usijipige. Nawe ulikipata mahali: nguo ya mtumba, kitanda cha wodi, paka wa mtu. Sitakutafutia wa kulaumu, kwa sababu tukianza hatutafika mwisho, tutafika kwa Adamu.

Muende wewe, Mama na Glody kwa Elsa, katika maabara ya hospitali. Nilimfundisha akiwa msichana, alikuwa akinisahihisha. Atakwangua unga kidogo ukingoni mwa baka, autie dawa ya kulainisha, autazame kwa darubini. Msiamini macho yangu wakati kuna darubini. Akiona kuvu, daktari atawapa dawa, na ya mtoto atapima mwenyewe. Mpakwe wote kwa wakati mmoja, na muendelee hata baada ya baka kutoweka, maana kuvu hujificha kama mdaiwa. Tyubu acheni. Siku za kwanza mtawashwa zaidi. Huyo ni mbwa aliyefunguliwa mdomo. Kila mgongo uwe na mbeleko yake, ichemshwe, ianikwe juani, ipigwe pasi.

Ningepiga simu, lakini mtandao hapa mlimani umekatika juma zima. Mama asiende. Nadhani amekata tamaa, na mtu aliyekata tamaa hukubali lolote. Mwambie Emile kwamba mimi, Zacharie, nimesema asiende.

Papa yako

*

Kalemie, tarehe 9 Mei 2024

Papa,

Upepo ulizuia maboti. Barua yako ilifika Jumapili. Mama aliondoka Jumamosi.

Emile hakukaa hata kidogo. Tulimpa kiti, akakitazama kiti. Alivaa soksi mikononi, Papa, soksi za kuchezea mpira, ndipo akabeba mzigo wa mama yake. Mama akamwambia, "Mwanangu, hizo ni za miguu." Kisha akamfungua Glody mgongoni, akanipa, akashuka kwenda bandarini bila kugeuka. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka.

Nilisoma barua yako nimekaa, kama ulivyosema. Nikaazima kioo.

Liko chini mgongoni, juu kidogo ya kiuno, kubwa kuliko kiganja changu. Palianza kuniwasha mwezi wa kwanza, nikidhani ni joto na kamba ya sketi. Ndiyo, tyubu ilikuwa ya hapo. Ilinyamaza, nikasahau. Niliandika kwamba mimi ni mzima, na wakati ule niliamini. Lakini kuhusu vazilini nilidanganya, nikijua.

Jumatatu nilikwenda na Glody kwa Elsa. Anakusalimu, anasema bado una mwandiko mbaya. Aliponikwangua aliniita nitazame. Nilidhani nitaona wadudu. Niliona nyuzi, Papa. Nyembamba, zina matawi, zinapita kati ya ngozi kama mizizi kwenye udongo. Zangu na za Glody, zilezile. "Choa," alisema. "Nani amekuambia ni kitu kingine?" Muganga alisema huenda; aliyeamini ni mimi.

Dawa tumepata. Bertin nimemwambia yote. Akanisogezea karatasi, akasema tu, "Mwandikie Mama." Emile anasoma kila karatasi inayoingia katika uwanja wao huko Baraka. Nitaandika hivyohivyo, wasome wote. Wakitaka kunirudisha kwako, tayarisha chumba.

Joëlle

*

Kalemie, tarehe 9 Mei 2024

Mama,

Nakuomba barua hii isomwe kwa sauti mbele ya shemeji Emile na mtu yeyote aliyesikia kwamba una ugonjwa mkubwa.

Huna. Ni choa. Kimeonekana kwa darubini hapa hospitalini. Hakikutoka kwako. Kilitoka kwangu. Nilikuwa nacho mgongoni kabla yako, nikakifunika kwa pomade, na mbeleko ikakuletea wewe, kisha mtoto. Kisha nikakutengea sahani. Uliyakubali yote kana kwamba ni haki yangu kukufanyia hivyo, nami nikadhani ukimya wako ni kukiri kosa.

Dawa iko ndani ya kifurushi. Paka asubuhi na jioni, usiache hata ukiona pamepona. Nyumba ni yako. Sijui niandike nini zaidi. Glody anatazama mlango.

Joëlle

*

Baraka, tarehe 16 Mei 2024

Joëlle mwanangu,

Barua yako Emile njo aliipokea, akaogopa kuifungua, akaniita kutoka shamba. Akasema, "Soma kwa nguvu, Mama, sisi wote tusikie." Uwanja ulikuwa umejaa, hata jirani alikuja na sufuria yake, alikuwa anaikoroga huku anasikiliza. Nikavaa miwani. Nikasoma. Ugonjwa ni mudogo, darubini imeona, dawa iko. Pale uliandika "kilitoka kwangu", miye nikasoma "kilitoka kwa mbeleko". Kama ni uongo, uliza Papa yako. Atakueleza kurasa tatu.

Sasa neno la sisi wawili, na karatasi hii uichome.

Nani alikuwa anakufungia mutoto mugongoni kila asubuhi, kabla hujaenda sokoni? Ni miye. Hilo baka lako nililiona kabla yako mwenyewe. Nililiona kabla ya tumbo ya Glody, kabla ya mugongo wangu. Nilifikiri ni ule ugonjwa mukubwa, kwa sababu dada ya mama yangu alikuwa nao, na ulianza vile, alama moja tu. Nikanyamaza. Mama muzee akirudishwa kwao, amefika nyumbani, watu wanamupa kiti. Muke kijana akirudishwa kwa sababu ya ugonjwa, hata akipona, nani atamusahaulisha? Na wewe unaye mutoto, na Bertin wangu anakupenda mupaka hajui kusema. Wakati mabaka yalitokea kwangu, nilisema: vizuri. Waone ya kwangu, wasitafute ingine. Njo maana nilikaa mlangoni. Kama ulifikiri nakuazibu, hapana. Nilikuwa nakufunika.

Kumbe ni choa!

Choa, Joëlle! Miye nilikuwa nimejitoa kama mutakatifu wa kanisani, nimeshaanza kuaga hata kuku, kumbe ni choa! Nimecheka mupaka Emile aliniletea maji. Tena aliyaleta kwa mukono mutupu.

Nitakuja, sema si juma hili. Muke ya Emile alinifuata jikoni, akafunga mlango, akainua blauzi. "Mama, na hii? Nilifikiri ni joto." Nikamuuliza, tyubu iko wapi? Akaitoa kwa mufuko. Kesho yake akaja jirani, bila sufuria. Sasa wanakuja mumoja mumoja, kila mutu anasema ni joto. Nimepata pamba, nawafumbisha macho. Tuma jina la dawa, liandike kubwa, niwapeleke wote kwa muganga wa hapa, tena asisimame mlangoni.

Nikimaliza nao, napanda boti. Joëlle, ukiniona nashuka, usianze kuomba musamaha mbele ya watu, nitakuona kama unaniibia kicheko changu. Sema tu, "Karibu nyumbani." Miye nitaitika.

Mama yako,
Pétronille